Kupevuka kwa Yai na Kupevuka kwa Mtu

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza kutimia kwa kitu. Embe huiva, nazi hukomaa, mwezi hupevuka, mvulana hubaleghe, msichana huvunja ungo. Kila neno lina mahali pake, na msemaji hodari halitii moja katika nafasi ya jingine. Mkwezi ajuaye kazi yake haangui dafu akaliita nazi, wala haiachi nazi mtini mpaka ikawa mbata kisha akasema kuwa bado ni dafu. Dafu, koroma, nazi na mbata ni tunda moja katika saa nne mbalimbali, na kila saa ina matumizi yake. Lakini tumtazamapo bin Adamu mwenzetu ustadi huu hutupotea. Huona dalili moja katika mwili wake, tukatoa hukumu juu ya nafsi yake nzima.

Katika insha hii nataka kulitafakari swali ambalo ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa: kupevuka ni nini, na nani mwenye haki ya kusema kuwa mtu fulani amepevuka? Nitaanza na kitu kidogo kabisa, yai la mwanamke, kwa kuwa elimu ya siku hizi imelichunguza yai hilo kwa makini, na mengi yaliyoonekana humo hayafanani na tulivyodhani. Kisha nitakwea milima ya Uluguru, ambako watu walikuwa na jibu lao la swali hili kabla hadubini haijafika Morogoro. Mwishoni nitauliza maumbile yana funzo gani kwetu, na funzo hilo hukoma wapi.

Yai la mwanamke ni miongoni mwa seli kubwa kabisa za mwili, na juu ya hayo upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa karne nyingi wataalamu walilizungumza bila kuliona. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer aliliona yai la mnyama anyonyeshaye kwa mara ya kwanza, nalo lilikuwa la mbwa. Tangu siku hiyo mambo yaliyokuwa ya kukisia yakaanza kuwa mambo ya kutazama.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni umri wa yai. Wengi hudhani kuwa mwanamke hufanyiza mayai mwezi kwa mwezi, kama kuku atagavyo. Sivyo. Mayai hufanyizwa kabla mwanamke mwenyewe hajazaliwa. Mtoto wa kike afikapo yapata wiki 20 tumboni mwa mama yake, ovari zake mbili huwa na mayai machanga kama milioni 6 au 7. Kuanzia hapo hesabu hushuka. Siku ya kuzaliwa hubaki milioni 1 au 2. Siku ya kuvunja ungo hubaki 300,000 au 400,000. Na katika miaka yote ya uzazi yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 au 500 tu. Hii maana yake ni kwamba yai ambalo baadaye lilikuwa wewe, msomaji, lilianza kufanyizwa wakati mama yako alipokuwa tumboni mwa bibi yako. Bibi huyo alizichukua nasaba mbili kwa mimba moja, naye hakujua.

Jambo la pili ni kusimama kwake. Ili mtoto apate nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba, sharti yai lipunguze kromosomu zake kutoka 46 hata 23. Kazi hiyo huanza kabla ya kuzaliwa. Lakini ikisha kuanza, husimama katikati. Husimama miaka 12, au 20, au 40 na zaidi. Yai halikufa, wala halikulala usingizi wa uvivu. Li hai, linalinda urithi wake, na seli ndogo zilizolizunguka hulipelekea ujumbe usiokatika wa kulizuia lisiendelee. Wataalamu wameonyesha kuwa yai likitolewa katika kifuko chake na kutiwa katika chombo cha maabara, huanza kuendelea lenyewe, kwa kuwa mzuizi wake hayupo. Basi kusubiri kwa yai hakutokani na udhaifu wake. Kunatokana na jirani zake, ambao humlisha na kumzuia kwa mkono ule ule.

Jambo la tatu ni kuamka kwake. Kila mwezi homoni za tezi iliyo chini ya ubongo huviita vifuko vichache vya mayai ambavyo vimekuwa vikikua kwa miezi kadhaa. Kimoja kwa kawaida huvipita vingine, na vile vingine hunyauka. Kisha katikati ya mzunguko homoni nyingine hufurika ghafla, na katika saa 36 hivi yai lililosimama miaka mingi humaliza mgawanyo wake wa kwanza. Mgawanyo huo hauna usawa. Seli mbili hugawana kromosomu kwa haki, lakini karibu chakula chote huchukuliwa na moja; ya pili hubaki kitone kisicho na akiba, nayo hufa. Hapo yai huanza mgawanyo wa pili, na ajabu ni kuwa husimama tena. Hutoka katika ovari likiwa limesimama. Yai hilo ndilo linaloitwa yai lililopevuka, nalo bado halijamaliza kazi yake! Humaliza pale tu mbegu ya mume inapoingia. Isipoingia, katika saa 12 mpaka 24 hufa lilivyo, kazi ikiwa nusu. Yai hukamilika katika kukutana na mwingine. Kabla ya hapo halikuwa kamili, ingawa lilikuwa tayari.

Kuna jambo la nne ambalo nalitaja kwa kuwa nitalihitaji mbele. Kupevuka kwa yai kuna pande mbili. Upo upevu wa kiini, yaani kupunguza na kuzipanga kromosomu. Na upo upevu wa ute unaokizunguka kiini, yaani kuweka akiba ya chakula na maagizo yatakayoilea mimba katika siku zake za mwanzo. Pande hizi zaweza kuachana. Yai laweza kuwa na kiini kilicho tayari, mbegu ikaingia, mimba ikaanza, kisha ikakoma baada ya siku chache kwa sababu akiba haikutosha. Mayai yaliyoharakishwa kupevuka nje ya kifuko chake huwa na upungufu huu mara nyingi zaidi. Robert Edwards, mtaalamu wa Uingereza, alionyesha mwaka 1965 kuwa yai la mwanamke laweza kupevuka katika chombo cha kioo, akaipima saa yake. Lakini Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, hakuzaliwa mpaka tarehe 25 Julai 1978, na yai lake lilikuwa limepevukia katika mwili wa mama yake. Kati ya kuijua saa na kumpata mtoto ilipita miaka 13 ya kazi ya Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Nishani ya Nobel aliyopewa Edwards mwaka 2010 ilikuja wenzake hao wawili wakiwa wamekwisha kufariki.

Hayo ndiyo mambo ya yai. Sasa tukwee milima.

Milima ya Uluguru imesimama kusini ya mji wa Morogoro kama ukuta. Kilele chake cha Kimhandu kimepita mita 2,600, na misitu yake huyapokea mawingu ya Bahari ya Hindi, huyahifadhi maji yake, na kuyatoa polepole katika vijito viujazavyo mto Ruvu. Mkazi wa Dar es Salaam afunguapo bomba hunywa subira ya milima hiyo. Katika miteremko yake wanaishi Waluguru, watu wahesabuo ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo ilishikwa kwa njia hiyo. Na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mwanafunzi wa leo aliyesoma kuwa mitokondria, zile tanuri ndogo za nguvu zilizomo katika seli, hurithiwa kwa mama kupitia yai, aweza kudhani kuwa wazee wa Uluguru waliligundua jambo hilo mapema. Tusiwasifu kwa wasichokidai. Urithi mwingi wa mwili hutoka kwa wazazi wawili sawasawa, na ukoo ni mapatano ya watu, si tabia ya seli. Lakini ni kweli kuwa watu waliouweka uzao mikononi mwa mama walilazimika kufikiri sana juu ya swali letu: msichana amekuwa mama lini?

Jibu lao lilikuwa mwali. Msichana aliyevunja ungo hakuambiwa siku ile kuwa amekuwa mke. Alitiwa ndani. Alikaa faragha, mbali na macho ya wanaume, akilishwa na kufunzwa na wanawake wakubwa, kwa miezi mingi na katika zama za nyuma hata kwa miaka. Desturi hii Waluguru waliishiriki na majirani zao, kama vile Wakutu, Wakwere na Wazaramo. Siku ya kutoka ilikuwa siku ya ngoma. Mwali aliyeingia ndani mtoto alitolewa mbele ya watu kuwa mwanamke. Mtu aitazamaye desturi hii kwa haraka huona kifungo tu. Akiitazama kwa makini ataona ndani yake fikira moja kubwa: kwamba dalili ya mwili ni mwanzo wa kupevuka, wala si mwisho wake. Damu ilikuwa habari kuwa kazi imeanza, na jamii ikasimama kati ya habari hiyo na ndoa, kama seli zile ndogo zisimamavyo kati ya yai na haraka yake. Wazee walijua kuwa kiini chaweza kuwa tayari na akiba ikawa bado.

Yamkini hapa msomaji atanizuia. Atasema: maumbile si kadhi. Kwamba yai husubiri hakutoi amri kuwa msichana asubiri, kama vile kwamba simba hula swala hakutoi amri kuwa mwenye nguvu amle mnyonge. Pingamizi hili ni la haki, nami nalikubali. Kutoka katika lililopo hatuwezi kuruka moja kwa moja hata lipasalo kuwapo. Lakini maumbile, ingawa hayawezi kutuamuru, yaweza kutukanusha. Mtu asemapo, ‘Msichana huyu amevunja ungo, basi maumbile yenyewe yamesema kuwa yu tayari,’ mtu huyo ndiye aliyeyaita maumbile mahakamani kuwa shahidi wake. Tuna haki ya kumhoji shahidi. Naye shahidi akiulizwa husema kinyume: kuvunja ungo ni hatua moja katika safari ndefu, katika miaka ya mwanzo baada ya hapo mizunguko mingi hupita bila yai lolote kutoka, nyonga za msichana huwa bado zinakua, na mimba ya umri mdogo ina hatari kubwa zaidi kwa mama na kwa mtoto. Sikuyaita maumbile yatoe hukumu. Nimeyahoji tu, nayo yamekataa ushahidi waliotwikwa.

Sheria ya nchi ililipitia jambo hili kwa shida. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa mvulana kuwa miaka 18, na wa msichana miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Na mahakama iliweza kuruhusu hata miaka 14. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, aliupeleka mpango huo mbele ya Mahakama Kuu, nayo ikaamua kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufani, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Moja katika hoja zilizotolewa kuutetea mpango wa zamani ilikuwa ya maumbile: kwamba msichana huwahi kupevuka kuliko mvulana. Lakini neno ‘kupevuka’ katika hoja ile lilikuwa limebeba mizigo miwili, upevu wa mwili na upevu wa mtu, na mmoja ulipitishwa kwa siri ndani ya mwingine, kama mfanyabiashara atiavyo bidhaa isiyolipiwa ushuru chini ya gunia la halali.

Ikiwa hivyo ndivyo, je, desturi ya mwali ilikuwa salama? Hapana. Nimeitaja fikira yake kubwa. Sharti nitaje na upungufu wake. Mwali alisubiri, lakini hakusubiri kwa ajili yake. Alitayarishwa kuwa mke wa mtu ambaye pengine wengine walikuwa wamekwisha kumchagua. Shule zilipokuja, kukaa ndani kukawa kukosa masomo, na subira iliyokusudiwa kumjazia akiba ikawa inamnyima akiba ya wakati mpya. Na zaidi ya hayo, katika mafunzo mengi aliyopewa, funzo moja lilikosekana mara nyingi: namna ya kusema siyo. Alifunzwa utii, ustahimilivu, usafi, heshima kwa wakwe na siri za unyumba. Yote hayo ni mambo ya kupokea. Hapo ndipo ninapoona mpaka kati ya yai na mtu. Yai hulishwa, huzuiwa, huitwa, na kukutana, halishauriwi kamwe. Kama mtu naye atapevushwa tu bila kushauriwa, basi tumemfanyia yale yale ambayo maumbile huyafanyia seli, tukaridhika kuwa tumemlea.

Tazama sasa upande wa pili, kwa maana kuna dhambi mbili juu ya upevu. Moja ni kuchuma kibichi. Ya pili ni kukiita kibichi kilichokwisha kuiva, ili mwenye shamba aendelee kuwa mlinzi wake. Uluguru uliziona zote mbili.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mmomonyoko ulikuwapo, na nia ya kuuzuia haikuwa mbaya. Lakini kazi ilikuwa ngumu mno, na katika sehemu nyingi kuchimba kule kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, hata mazao yakapungua. Waluguru wakasema hawataki. Maafisa wengi waliliona neno hilo kuwa ujinga wa watu wasiojua faida yao. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na matuta ya lazima yakaachwa. Mwaka uliotangulia ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuwa umependekeza kuwa Tanganyika yaweza kujitawala katika miaka 20 au 25, na Uingereza ililiona hata pendekezo hilo kuwa la haraka kupita kiasi. Julius Nyerere alikwenda New York Machi 1955 kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Tarehe 9 Desemba 1961, miaka 7 tu baada ya pendekezo lile, nchi ilikuwa huru.

Nani basi alikuwa mchanga? Mkulima wa Matombo aliyejua udongo wake alikataa, na kukataa kwake kukahesabiwa kuwa ushahidi kuwa hajapevuka. Kumbe kulikuwa ushahidi wa kinyume. Mtoto mchanga hupokea chochote atiliwacho kinywani. Aonjaye, akapima, akakataa, akawa na sababu, huyo amekwisha kuvuka uchanga. Nchi zilizotawaliwa ziliambiwa kuwa utii wao ungekuwa dalili ya kukua, kana kwamba siku watakapokubali kila kitu ndiyo siku watakapofaa kuachiwa waamue. Hoja hiyo hujizunguka yenyewe kama mbwa afukuzaye mkia wake. Na ndiyo hoja aambiwayo msichana: ukitii, wewe ni mwanamke mzima, ukikataa, bado u mtoto.

Kwa hiyo napendekeza kipimo. Mtu amepevuka katika jambo fulani akiwa na mambo matatu. Kwanza, mwili au uwezo wa jambo hilo. Pili, akiba yake: maarifa, riziki, na watu wa kumtegemeza likiwa zito. Tatu, uwezo wa kulikataa na kusikilizwa. Mawili ya kwanza yai nalo linayo kwa namna yake. La tatu ni la mtu peke yake, nalo ndilo litiaro thamani katika yale mawili. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema siyo si idhini. Ni sauti tu, kama mwangwi katika bonde la Uluguru, urudishao neno la mwingine. Kipimo hiki hakitaji umri. Sheria sharti itaje umri, kwa kuwa hakimu hawezi kupima kila nafsi, na tarakimu moja iliyo wazi humlinda mnyonge kuliko hekima nyingi zenye mwanya. Lakini miaka 18 ni ua wa kulizunguka shamba. Haituambii kilichomea ndani.

Sasa naligeuza swali liwaelekee wasomaji wa kurasa hizi, maana wengi wao ni wanafunzi, na baadhi yao ni wanawake wasomao chini ya milima hii hii, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo au Mzumbe. Kwao hatari si ya kuchumwa kibichi tu. Yai lina saa, na saa hiyo haijui ratiba ya chuo. Mayai yaliyosimama tangu kabla ya kuzaliwa huchakaa yakisubiri. Nyuzi zizishikazo kromosomu pamoja hulegea, na makosa katika mgawanyo huongezeka. Mtoto mwenye hali ya Down huzaliwa kwa mama wa miaka 20 kama mara moja katika wazazi 1,500. Kwa mama wa miaka 40 kama mara moja katika wazazi 100. Mwanamke aambiwaye, ‘Soma kwanza, fanya kazi kwanza, panda cheo kwanza,’ huambiwa neno jema lenye gharama, na aghalabu msemaji haitaji gharama hiyo. Mwanamume mwenzake wa darasa haambiwi, ingawa mbegu yake nayo huzeeka, kwa kuwa bei yake ni ndogo na huchelewa kudaiwa.

Je, hii ina maana kuwa arudi nyumbani aolewe? La. Ina maana kuwa ratiba ya masomo na kazi ilitungwa na watu waliousahau mwili wa nusu ya wanadamu, na kuwa hapana haki katika kumtwika mtu mmoja gharama ya usahaulifu wa wengi. Novemba 2021 Tanzania iliwafungulia mlango wa shule wasichana waliozaa, waliokuwa wakifukuzwa kwa miaka mingi. Ule ulikuwa uamuzi wa haki, na fikira iliyo ndani yake yafaa kwenda mbali zaidi: njia ya maarifa haipaswi kuwa ya mara moja tu, mtu akitoka asirudi. Chuo chenye mahali pa kunyonyeshea mtoto, kazi isiyomhesabia mama miezi ya uzazi kuwa ulegevu, baba achukuaye sehemu yake ya usiku wa kukesha. Hayo ndiyo yawezayo kumpa mwanamke nafasi ya kuchagua saa yake. Bila hayo tunamwambia achague kati ya hasara mbili, kisha tunausifu uhuru wake.

Nimesema kuwa funzo la maumbile lina mahali likomapo, na sasa napataja. Katika ovari mamilioni hupotea ili mamia yatoke, na katika mamia pengine mawili au matatu huwa watu. Kila mwezi vifuko kadhaa huitwa, kimoja hupita, vingine hunyauka. Maumbile hayaoni haya kwa upotevu huo, wala hayana sababu ya kuona. Seli zile hazikuwa na tumaini likakatwa. Lakini mtu akitazama darasa la wasichana wa mlimani, akaona kuwa walioanza ni wengi na waliomaliza ni wachache, kisha akasema kuwa ndivyo dunia ilivyo, wenye nguvu hupita na wengine hunyauka, huyo ameyaiga maumbile pale ambapo hayafai kuigwa kabisa. Msichana aliyeachwa njiani alijua kuwa ameachwa.

Yai latufunza mambo mawili yaliyo ya kweli: kwamba kupevuka ni safari yenye vituo, na kwamba kuzuiwa kwaweza kuwa malezi ikiwa azuiaye ndiye alishaye. Mwenye kuzuia bila kulisha ni mlinzi wa gereza, awe mkoloni, mzazi au mume. Nalo latuachia jambo la tatu tulitafute wenyewe, kwa sababu halimo ndani yake. Yai haliwezi kuulizwa. Msichana wa Uluguru aweza. Na kila mara mtu mzima asimamapo mbele yake kutangaza kuwa amekwisha kupevuka, au kuwa bado, lipo swali la adabu la kutangulia tangazo hilo, nalo ni fupi: yeye mwenyewe amesema nini?